Kopo la Tano

Kambi ya Wapima Ardhi, Nachingwea
30 Julai 1949

Dada Ashura,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima wa afya, na natumaini wewe na shemeji na Mjomba Mbaruku hamjambo hapo Nandagala. Najua mliningoja Idi. Mzigo nilikuwa nimekwisha kuufunga na kanzu nimeipiga pasi, ndipo Mzungu mkubwa wetu, Bwana Kidevu, akaniita ofisini akasema, "Yunusi, sikukuu yako itangoja. Nina kazi ambayo kambi nzima ni wewe tu unayeiweza."

Kazi yenyewe utacheka. Jumatatu ni sikukuu ya Wazungu, nao wanataka kucheza mchezo wa kutafuta hazina. Watajigawa vikosi vinne, kila kikosi na gari lake, ramani yake na dira yake. Wanatafuta kopo lililofichwa porini. Ndani ya kopo mna cheti kinachosema kopo la pili liko wapi, lakini hakisemi kwa maneno ya kawaida, kinasema kwa vipimo: simama hapa, elekeza dira hivi, tembea hatua kadhaa. Hivyo hivyo mpaka kopo la saba, na kwenye la saba kuna kasha la pombe yao. Watu wazima, dada, wenye ndevu na mishahara, watakimbizana juani kwa ajili ya makopo ya maziwa!

Vyeti vyote nimeviandika mimi. Bwana alivisoma akasema hata mpima aliyesoma kwao asingeweza kuandika vizuri zaidi. Mahali pa kuficha amechagua mwenyewe, mimi ni mkono tu.

Magari yanaweza kupita upande wenu. Mwambie Mjomba asiwe na wasiwasi, si watu wa kodi wala hawahesabu mashamba. Barua hii anakuletea Linus, dereva wetu, yule Mmakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Nimempa na sukari yenu ya Idi.

Mdogo wako,
Yunusi Abdala


Nandagala
3 Agosti 1949

Mdogo wangu Yunusi,

Wa aleikum salaam. Sukari imefika. Wageni wako nao wamefika.

Jumanne asubuhi nilikwenda makaburini kufagia. Kabla sijaingia msituni nikasikia harufu, nikadhani fisi ameacha mzoga. Haikuwa mzoga. Chupa zilikuwa zimetupwa kila mahali, nyingine zimevunjwa juu ya mawe ya kaburi la bibi. Makopo ya samaki yamefunguliwa yakaachwa, mafuta yamemwagika mchangani na siafu wamejipanga. Mtu mmoja alijisaidia haja kubwa palepale miguuni pa bibi, akajipangusa kwa majani ya mti wetu, akayaacha majani juu. Mwingine alitapika. Matapishi ya pombe, Yunusi, yamekauka juu ya udongo ambao sisi tukiukanyaga tunavua viatu.

Na kaburi moja wamelichimba. Walifika kwenye miti ya ndani wakaivunja, halafu wakaondoka. Hawakufukia. Waliacha wazi tangu Jumatatu mchana mpaka nilipofika mimi.

Mjomba amekusanya watu, wamefukia, mwalimu wa chuo amesoma Kurani. Wanawake tumechota mchanga wote uliochafuka tukaubeba kwenye vikapu kwenda kuutupa mbali. Tangu siku ile mkono wangu nikiupeleka mdomoni naona kama bado una ile harufu. Nimeuosha kwa majivu, nimeuosha kwa ndimu. Ugali unanishinda.

Mjomba anauliza, nami naandika kama alivyosema: "Mpwa wangu anakaa nao, anakula chumvi yao. Atuambie watu hawa walikuwa wanatafuta nini kwetu, na nani aliyewaonyesha njia."

Dada yako,
Ashura


Nachingwea
8 Agosti 1949

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imenitoa machozi. Wallahi sikujua kama watapita msituni kwetu. Nimekaa nikijiuliza ni binadamu gani hawa, wanaokula na kunya mahali pamoja kama nguruwe.

Nimefanya uchunguzi. Haikuwa kusudi lao, na hili umwambie Mjomba ili moyo wake upoe. Dira ina sindano yenye ncha mbili, moja nyekundu na moja nyeupe. Kikosi kile walikuwa wamekunywa, wakafuata ncha nyeupe badala ya nyekundu. Wangekwenda sawasawa wangetoka kwenye kile kichuguu kikubwa, wakashuka hatua sitini kuelekea bondeni mpaka kwenye mkwaju ulioungua, na hapo wangelikuta kopo lao chini ya jiwe. Wao walipanda hatua sitini kinyume, wakaingia makaburini, wakaona udongo umeinuka wakadhani ndipo. Kwa hiyo kopo lenyewe halikuwa makaburini hata kidogo. Ni kosa la kusoma tu.

Nimemwarifu Bwana Kidevu, naye anasikitika, anasema pole. Nawaletea kwa mkono wa Linus shuka nyeupe dhiraa kumi na udi. Mfanye dua.

Ndugu yako mwenye huzuni,
Yunusi Abdala


Nandagala
12 Agosti 1949

Yunusi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsomea Mjomba. Mara ya pili nilijisomea mwenyewe. Mara ya tatu niliisoma nimesimama pale kwenye mkwaju.

Mkwaju ule uliungua mwezi wa sita, moto wa shamba la Ausi ulipomshinda. Wewe hujafika nyumbani tangu mwaka juzi wakati wa mavuno ya ufuta. Ulipoondoka ulikuwa mti mzima wenye majani, watoto wanaangua kwaju. Nani aliyekuambia kwamba umeungua? Wazungu? Wanaujua mkwaju, wale? Na jiwe umelijuaje? Nimelinyanyua. Kopo lipo, na cheti kipo, na mwandiko ni huu huu ninaousoma hapa.

Ulikuja. Ulisimama pale kwenye mkwaju. Kutoka pale mpaka mlangoni kwangu mtu akiita anaitikiwa.

Sasa jambo la pili. Nilikuandikia kwamba kaburi moja limechimbwa. Sikusema la nani, kwa sababu mkono ulikataa, na kwa sababu nilitaka nione kama utauliza. Hukuuliza. Umeandika habari za sindano, za ncha nyekundu na ncha nyeupe, za shuka dhiraa kumi. Ni kaburi la mtoto wangu, Yunusi. Yule aliyekufa kwa surua wakati wa mvua, ukaleta salamu kwamba uko kazini Kilimarondo, mito imejaa, huwezi kuja. Wewe ndiye mjomba wake. Kwa desturi yetu baba analia na mjomba anazika. Alizikwa bila wewe, na amefukuliwa kwa mkono wako.

Na kikombe chake hakipo. Tulikiweka kichwani pake, kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu, tumekitoboa kitako kama ilivyo desturi ili asitamani mtu kukitumia. Wamekichukua. Hata kilichotobolewa wamekitamani.

Nina kinyaa nao. Lakini wao siwajui, ni kama fisi tu. Kinyaa changu na wewe ni kingine, kwa kuwa tumenyonya ziwa moja.

Ashura


Nachingwea
17 Agosti 1949

Dada,

Nitasema kweli, na ukimaliza kusoma ichome barua hii au uiweke, shauri lako.

Mahali pote nilichagua mimi. Bwana Kidevu alinipa ramani akasema, "Wewe unaijua nchi hii, chagua saba." Mahali sita nilipachagua kwa akili. Pa kopo la tano nilipachagua kwa majivuno. Katika ramani zao Nandagala haina hata jina, ni weupe mtupu. Nikataka Wazungu watokwe jasho kuitafuta. Nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi tulikwenda na Bwana kuficha makopo. Nilikaa kiti cha mbele, nimevaa soksi ndefu na kofia aliyonipa. Tulipofika kwenye kichuguu nikasikia kinu kinatwanga upande wa nyumbani. Nilijua ni wewe, kwa kuwa unatwanga mara tatu halafu unapumzika. Bwana akaniuliza, "Una mtu unayemjua hapa?" Nikamjibu, "Hapana, Bwana." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona haya kwamba ungekuja na mikono ya unga na kanga ya shamba, ukaniita Yunu mbele yake. Nikapima hatua sitini, nikaweka kopo, tukaondoka. Makaburini sikuingia. Kaburi la mtoto sikujua liko wapi.

Na habari za kuchimba nilizijua kabla ya barua yako. Linus ndiye aliyekuwa dereva wa kikosi kile. Walimpa sepetu wakamwambia achimbe. Akalitazama lile tuta dogo, akaweka sepetu chini akasema, "Hili ni kaburi la mtu." Wakacheka, wakasema anaogopa majini, wakachimba wenyewe kwa zamu. Walipoona miti na kitambaa, mmoja ndipo akatapika, wakakimbilia garini. Jumatatu ile ile Linus alikuja chumbani kwangu akanieleza, na hakula chakula chake. Mimi nilikula changu. Basi siku saba kabla ya kukuandikia kwamba sikujua, nilikuwa najua kila kitu ila jina la mwenye kaburi, na sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Linus tangu hapo hasemi nami. Barua zangu anazipokea kwa sababu yako.

Niadhibuni mnavyoona. Nitatuma kitu chochote mtakachotaja.

Yunusi


Nandagala
24 Agosti 1949

Yunusi,

Shuka yako hiyo, imefungwa kama ilivyokuja. Udi pia. Siwezi kuukaribisha ndani ya nyumba, unanuka kambi.

Nilimweleza Mjomba yote. Lile la "Hapana, Bwana" nilitaka niliruke, kisha nikalisoma. Akatema mate chini, akayafukia kwa mguu. Kisha akasema: "Mwandikie kwamba hatutaki kitu chake. Kitu cha mtoto ndicho tunachotaka. Akakitafute yeye, anayejua kutafuta."

Usiandike tena mpaka umekipata.

Ashura


Ruangwa, barazani kwa duka la Yusufali
20 Septemba 1949

Dada Ashura,

Nimekipata. Nakuandikia kabla ya kuja kwa sababu sithubutu kuingia kijijini bila ruhusa yenu. Nitangoja hapa hapa barazani. Sikiliza kilivyopatikana, nisikufiche tena.

Tarehe tatu nilitumwa klabuni kwao kutundika ramani mpya ukutani. Kilikuwepo juu ya meza ya vinywaji. Wamekipigilia kwenye ubao, na msumari wameupitisha katika tundu lile mlilotoboa ninyi. Chini wameandika kwa rangi nyekundu majina ya kikosi kile. Ni zawadi ya mzaha, dada, atapewa kila mwaka atakayepotea njia. Ndani kimejaa vishungi vya sigara. Mtu mmoja alikuwa anazungumza huku anakung'uta jivu lake mle, hata hatazami, kama mtu anayejikuna.

Nilimwambia Bwana Kidevu. Akasema, "Kile? Si kopo tu la jalalani, Yunusi." Nikamwambia, "Kimetoka kaburini, Bwana. Kwa mtoto wa dada yangu." Akasema, "Ulisema humjui mtu kule." Kisha akasema atazungumza na wenzake.

Nikangoja. Nilingoja siku kumi na nne, nikichora ramani zake, na kila nikipita dirishani kwa klabu naona ule ukingo wa buluu. Ningeweza kukichukua siku yoyote. Nilikuwa naiogopea kazi.

Jumamosi iliyopita akaniita, ana furaha. Krismasi watacheza tena. "Safari hii makopo kumi," akasema, "na wewe ndiye fundi wetu." Nikauliza habari za kikombe. Akasema wenzake wamekwisha kukizoea, kuking'oa ni kuharibu mzaha. Akatoa kabatini kikombe kipya, kizuri, kina maua. "Mpelekee dada yako hiki."

Nikakipokea, Ashura. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Ahsante, Bwana." Nikafika mlangoni nacho. Nikatapika kwenye ngazi za ofisi, mbele ya makarani. Nilijiona mimi na yule aliyetapika makaburini ni mtu mmoja.

Nikakiweka kile kikombe chake cha maua palepale ngazini. Nikamwendea Linus, nikamwomba koleo. Hakuniuliza neno, akanipa, akanifuata. Saa sita mchana, klabu imejaa watu, niliingia nikaung'oa ule msumari. Vishungi vikamwagika mezani. Wengine walidhani nimetumwa. Bwana Kidevu akaja mbio, akasimama mlangoni akasema, "Ukitoka nacho, usirudi." Nikasema, "Hayo makopo kumi mtayaficha wenyewe." Nilisema bila kumtazama usoni. Nakuambia ili usidhani nilikuwa shujaa.

Nimetembea kwa miguu siku mbili. Nimekiosha mtoni kwa mchanga mara nyingi. Nangoja neno lenu.

Yunusi


Nandagala
20 Septemba 1949

Yunusi,

Njoo kesho. Uje mchana, upite njia ya katikati ya kijiji, watu wakuone.

Ashura


Nandagala
9 Oktoba 1949

Mdogo wangu Yunusi,

Salamu. Barua hii nakupelekea Mandawa kwa huyo mwenye shamba unakolima. Mjomba anasema amesikia unapalilia vizuri. Hakusema zaidi, lakini alisema mbele za watu.

Siku tatu ulizokaa kwangu sikukusemesha. Ulidhani ni hasira. Acha nikuambie, maana mdomoni hayatoki na kwenye karatasi yanatoka.

Ulipopita kijijini na kile kikombe mkononi, na watu wamesimama milangoni, sikukuonea huruma. Ulipokiweka kichwani pa kaburi ukalia, nilikutazama nikaona kinyaa. Usiku nilipokupakulia ugali, vidole vyako vilipoingia kwenye mboga, niliacha kula. Nilingoja kiishe. Nilidhani kikombe kikirudi kinyaa kitaondoka, kama mtu anavyotoa mwiba. Hakijaondoka. Kimepungua kidogo siku ya Idi ya Kuchinja, nilipotwanga na kusahau, halafu kikarudi. Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Nikisamehe nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo si lako, ni langu, na sijamwambia mtu, hata mume wangu Isihaka.

Ile Jumanne, nilipolikuta shimo wazi, kabla sijapiga kelele, kabla sijalia, nilipiga magoti nikainama nikachungulia. Nilisogeza ule mti uliovunjika kwa mkono wangu. Unajua mtu akifukiwa amefukiwa, mama hatazami tena. Mimi nilitaka kutazama. Nilitaka kumwona, Yunusi, mara moja tu, vyovyote alivyo. Baada ya miezi sita nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake. Sikuona kitu ila giza na pembe ya sanda, na ile harufu ikanipiga usoni, nikaruka nyuma kama mtu aliyeungua. Nilimkimbia mwanangu. Mkono niliokuandikia kwamba nauosha kwa majivu na ndimu, sikuwa nauosha uchafu wa Wazungu wako.

Basi ninapokuona kinyaa, ujue sikuoni peke yako.

Sasa nakwambia jambo moja la mwisho. Katika barua zako zote umeandika "mtoto", "kaburi la mtoto", "mtoto wa dada yangu". Labda jina lake unalijua ukaona haya kuliandika. Labda hulijui, kwa kuwa kila aliyekuletea habari zake alisema tu "binti wa Ashura". Aliishi mwaka mmoja na miezi minne, na kutoka Nachingwea ni mwendo wa siku mbili, na hukumwona. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, alianguka kwenye kinu. Akisikia gari mbali barabarani alikuwa anasimama na kunyoosha kidole, tukimwambia, "Huyo mjomba wako anakuja." Ilikuwa ni kumchezesha tu. Yeye aliamini, akawa anangoja mpaka mlio uishe.

Aliitwa Kulthumu.

Dada yako,
Ashura binti Abdala